Mikorosho ya Mbekenyera Kabla ya Kuhamia Lusaka

Nilidhani kuhama nchi ni kufunga mabegi na kulia kidogo. Mume wangu amepata kazi ya kudumu Lusaka, basi nikafunga banda langu la cherehani hapa Nachingwea na kwenda ofisi ya kodi kufuta biashara. Dada wa dirishani akaniuliza kama naacha kipato kingine nyuma. Nikasema hakuna, labda vikorosho vya marehemu mama kule Mbekenyera.

"Vinauzwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi ukishahama, utakachopata Zambia hakituhusu. Lakini kinachotoka hapa bado ni mapato yako, utakitolea hesabu kila mwaka hata ukiwa huko. La sivyo, mwandikishe anayelima."

Nilitoka nimenuna. Anayelima ni mama mdogo, na hela ya korosho anatumia yeye. Jina langu lilikuwa halina kazi pale, ila kwenda kumwambia alitoe ndiko kulikokuwa kugumu.

Kesho yake asubuhi nikapanda gari ya Ruangwa. Nilikaa dirishani makusudi. Ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, mekundu na ya njano, na harufu yake ikajaa garini. Nikamkumbuka mama akitukaripia kwa kuchafua sare za shule kwa maji yake, yale madoa yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Lusaka hakuna harufu hiyo, nimeshauliza.

Ruangwa mjini nilikunywa chai kwa mihogo, nikanunua sukari na doti ya kanga. Jambo kama lile huendi nalo mikono mitupu. Kisha nikachukua bodaboda.

Mbekenyera nilifika mchana. Mama mdogo, aliyenilea tangu mama afariki, alikuwa ameketi uani akinyofoa korosho kwenye mabibo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huyo mwanamume hakulishi?"

Nilipomweleza kilichonileta, aliweka bibo chini. "Kodi gani tena? Si wanakata palepale kwenye chama cha ushirika tunapouza?"

Kwetu wengi tunaamini hivyo, kwamba kikishakatwa chamani mambo yamekwisha. Nikamwambia yale ni makato ya zao, mapato ya mtu ni habari nyingine. Kisha nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini miaka yote hakujiandikisha mwenyewe.

"Siku ya malipo karani anaita majina mbele za watu," akasema. "Akiita Restituta, naitika mimi. Watu wanasikia kwamba una kwenu. Akiacha kukuita, watasema mtoto wa marehemu kaondoka moja kwa moja."

Nililia, sioni aibu kusema. Nikamwambia aache basi, jina libaki, nitahangaika na hesabu zao hukohuko. Yeye ndiye aliyesimama, akajifunga kanga mpya na kusema twende, hataki nisumbuliwe ugenini kwa ajili yake.

Chamani tulikuta karani na katibu. Jina langu likatoka, lake likaingia. Tulipofika shambani akakata kulia, akanipeleka kwenye mkorosho uliopinda nyuma ya nyumba ya zamani ya mama. Kila nyumba kwetu ina mkorosho wa kula, ambao korosho zake hazifiki kwenye mizani. Zinakaangwa nyumbani, na mabibo yake ni ya wageni na watoto.

"Huu wa mama yako sijawahi kuupeleka chamani," alisema. "Sasa ni wako. Usipokuja, yataliwa na popo."

Tukala mabibo tumesimama, maji yanatuchuruzika viwikoni. Nililala kwake.

Siku iliyofuata nilirudi Nachingwea, blauzi ina madoa, nikaenda moja kwa moja dirishani. Nimejifunza kwamba nchi ina haki ya kujua unachovuna kwake hata ukiishi mbali, na si jambo la kununia. Dada yule aliuliza tena kama kuna chochote kitakachonipa kipato huku. Nikajibu hakuna, na ni kweli tupu. Hakuniuliza kama bado nina kwetu.