Mlango wa Nyuma wa Duka la Simaloi

Mnanionea tu. Kikwe nzima imejaa watoto waliosoma mpaka wakavaa miwani, lakini habari ya Aminieli mnataka niiandike mimi, niliyeishia darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe za baba. Kalamu yenyewe inaniteleza kama sabuni. Haya, naandika. Atakayecheka herufi zangu, kwanza aje anilimie migomba.

Aminieli aliuza mizizi. Siku ya soko utamkuta Kwa Mrombo toka asubuhi, gunia katandika chini, magamba ya kiloriti, ule mti wa dawa ya Wamasai, kayapanga, na sauti yake inafika kwa wauza mbuzi: "Nitazameni mimi! Tangu nizaliwe, kidonge hakijapita koo hili! Kidonge ni chaki!" Watu wakimtazama, mzee kanyooka kama mti wa mringaringa, wananunua.

Shida ni moja, tumbo lake halikusikiliza hotuba zake. Akila nyama ya sokoni, akashushia na supu yake mwenyewe ya magamba, tumbo linaanza kunguruma kama trekta bovu. Hapo anamwachia jirani gunia, anazunguka nyuma ya vibanda, anagonga mlango wa nyuma wa duka la dawa la Simaloi, mjane wa Kiarusha mwenye shanga nyingi na maneno mengi zaidi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Fungua, mama, watu wataniona!"

Simaloi anafungua huku anacheka mpaka shanga zinalia. "Karibu, daktari wa kiloriti. Leo tena?" Anampa vidonge vya salfa na maji. Aminieli anameza kafumba macho, anafuta mdomo, anarudi kwenye gunia lake kuvitukana vidonge.

Ndiyo siri hiyo. Aliilinda kuliko shamba.

Sasa njoo kwenye mdomo. Kila akitoka soko, mdomo wa chini unamwasha upande wa kushoto, na kesho yake pana alama ya mviringo, nyeusi ya zambarau, kama kaumwa na meno ya mtu. Inafifia polepole. Soko jingine akimeza, inawaka tena, palepale. Aminieli alijiangalia kwenye kioo cha pikipiki, akadhani ni mbu, akadhani ni jua, akadhani ni kijicho cha wauza mizizi wenzake. Kidonge hakukishuku hata kidogo. Na angekishuku, angemwambia nani?

Mkewe Evaresta hakudhani kitu. Yeye alijua.

"Baba Ruth, huyo mbu mbona anakunywa mahali pamoja tu, tena siku ya soko tu?"

"Ni jua."

"Jua la Kwa Mrombo lina meno?"

Midomo ya soko unaijua. Habari ya mlango wa nyuma wa mjane ilifika Kikwe kabla ya Aminieli mwenyewe. Soko lililofuata, Evaresta akajifunga kitenge akasema tunakwenda wote. Akamganda kutwa nzima kama kupe kwenye sikio la ndama. Mchana tumbo likaanza kunguruma. Kwa Simaloi hakuendeki. Aminieli akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na humo akatoa kidonge kimoja kati ya viwili alivyokuwa amevificha kwenye pindo la kofia, akakimeza kikavu. Evaresta kasimama mlangoni.

Asubuhi, alama hiyo! Inang'aa.

"Kumbe anakaa chooni," Evaresta akasema taratibu. "Hawara yako anaishi chooni, Aminieli."

Kumwita Aminieli, siyo Baba Ruth! Hapo mzee akajua nyumba inabomoka. Evaresta alifunga mzigo wa kurudi kwa kaka yake, akapeleka neno kwa Mzee Sumari, mshili wetu, yaani mkuu wa ukoo: Jumapili, ibada ikiisha, waje wasikilize. Sisi majirani tulikwenda kusaidia kupika, maana yake kusikiliza.

Ruth, binti yao, ni nesi kwenye zahanati huko Sokon One. Alimkuta baba yake zizini.

"Shikamoo, baba. Unakunywa dawa gani?"

"Marahaba. Kiloriti."

"Nauliza za dukani."

"Mimi nimeze kidonge? Unanijua mimi?"

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Akamgeuzia mgongo, akaanza kumkuna ng'ombe.

Kikao kikakaa. Mshili akasema, "Aminieli, mkeo anasema una mtu. Kama huna, alama hii imetoka wapi? Sema, nyumba yako isimame."

Aminieli akapima. Akisema kidonge, Kwa Mrombo watamcheka mpaka alikunje gunia. Akisema mwanamke, aa, wanaume wameshasamehewa hilo. Kiburi kikampanda mgongoni kikashika hatamu.

"Ninaye," akasema. "Nina mwanamke."

Wazee wawili wakamtazama kwa heshima mpya. Evaresta hakulia. Alijitwika mzigo, akabeba na sufuria ya loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwa sababu aliipika yeye, akaondoka. Aminieli akasikia mfuniko unagonga sufuria, tiki, tiki, unaishia kwenye migomba. Mlio ule ulimwingia kuliko hotuba ya mshili.

"Mama Ruth!" Akavua kofia, akaikung'uta mbele ya watu. Kidonge kikadondoka miguuni pa mshili. "Ni vidonge! Nameza vidonge! Miaka yote!"

Mshili alicheka mpaka akaegemea fimbo. Evaresta akarudi, sufuria mkononi bado.

"Rudia. Waliokaa nyuma hawajasikia."

Akarudia.

Ruth akaokota kidonge. "Hii ni salfa. Siyo ule unga wa manjano wa kupulizia mimea. Humu salfa imefungwa pamoja na oksijeni na naitrojeni mpaka imekuwa kitu kingine. Kijidudu cha ugonjwa hujipikia chakula chake. Dawa hii imefanana na kiungo kimoja anachotumia. Akiitia chunguni, chakula hakiivi, hazaliani tena. Sisi chakula hicho hatupiki, tunakila tayari kwenye mboga za majani. Dada yake salfa hii ndiyo iko kwenye ile dawa wajawazito wanayomezeshwa kliniki kukinga malaria. Lakini mwili wa baba unaikataa. Umeweka mlinzi hapo mdomoni, na salfa ikipita, mlinzi anawasha moto palepale. Leo mdomo. Akiendelea, inaweza kuwa ngozi nzima, macho na koo, na tukamzika."

Hapo hakucheka mtu. Evaresta akaweka sufuria chini, akampakulia mumewe loshoro, akampa na maji.

Aminieli bado anauza kiloriti, ila kelele za kidonge zimepungua. Aliposikia mayai na vitunguu navyo vina salfa, akavikataa. Ruth alimweleza mpaka koo likakauka kwamba hiyo siyo salfa ya kidonge, haina neno, lakini kichwa cha yule mzee ni jiwe la Meru. Mayai yake anakula Evaresta, na wala hamrekebishi. Simaloi naye, Ruth alishamwendea kwa mlango wa mbele. Siku hizi kabla hajatoa kidonge anauliza kwanza, "Hebu nionyeshe mdomo."

Nimemaliza, vidole vinaniuma. Sasa usinikodolee macho, zamu yako. Nenda kamuulize mwenzako ni dawa gani ikiingia mwilini mwake ngozi inawaka, mlishike jina lake kichwani, mlitaje kwa sauti kila mnapopewa dawa, hata kwa mlango wa nyuma. Halafu uje hapa kwangu unisomee habari hii yote, nisikie nilivyoandika. Ukikuta herufi imepotea, nyamaza, endelea kusoma.