Nyumba ya Miguu ya Shangazi Wakesho

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya mtama kule Taveta hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Tuliamshwa na kwelea. Walikuja jua likichungulia, wingu zima la ndege wasiofika ngumi ya mtoto, na shamba likiachwa bila mtu kwa muda wa kunywa uji tu, mnavuna mabua. Basi masuke yalipoanza kutoa maziwa, watoto wote tulipelekwa kuamia ndege. Ulipanda dungu, kile kijukwaa cha miti kilichosimama katikati ya shamba kwa miguu yake minne, ukakaa huko juu na kombeo lako, rundo la mawe na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye jivu, ukapiga kelele mpaka koo likauke. Vijana wa leo simu ikiisha chaji kwa dakika kumi wanasema wana msongo wa mawazo. Sisi tulikuwa na msongo wa ndege, na hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje.

Kilichotuzuia tusilale ni kutupiana beti. Mtu wa dungu moja aliimba ubeti wa uchokozi, wa dungu jingine akajibu kabla wa kwanza hajarusha mawe matatu. Ukishindwa, unashuka ukachote maji mtoni kwa ajili ya wote. Sheria ya pili ilikuwa ya heshima: ukiimba ubeti wa mwenzako, kwanza unataja ulikotoka. “Wa dungu la mtoni!” unapaza sauti, ndipo unaimba. Asiyetaja aliitwa kwelea, maana naye alikula asipolima.

Dungu la mtoni lilikuwa la Shangazi Wakesho, dada yake baba, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyovuka mashamba manne. Sikumbuki ashindwe hata mara moja. Mimi ndiye niliyeshindwa, nami ndiye niliyechota maji. Ila mto ulikuwa mbali, na njiani nilikuwa na muda. Mara nyingi nilirudi na ndoo kichwani na jibu mdomoni, nikaliimba nikiwa nimechelewa na kulowa, na Shangazi akacheka akasema, “Huyu hutunga kwa miguu.”

Ubeti wake mmoja tuliujua sote:

Nyumba yangu ya miguu,
haina mlango wewe;
mgeni hutoka juu,
chakula chake ni jiwe.

Kwenye zahanati ya parokia palikuwa na sista kutoka Uhispania. Siku moja nilipelekwa na kidole kilichochanwa na kombeo, nikamkuta anakunja bendeji huku akiimba kwa lugha yake. Kwa mazoea nikahesabu mizani kwenye vidole vilivyobaki vizima. Nane, sawasawa na za Shangazi. Nikamwomba anifundishe. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza, kwa bendeji, na hata leo wapo ndugu wanaoamini ningeshikilia bendeji yenyewe ningefika mbali zaidi.

Maana huku Minneapolis, Marekani, Mkenya ukikutana naye kanisani, swali ni moja: unafanya shifti hospitali gani? Nikijibu kwamba nafundisha chuo kikuu mashairi ya vijijini ya Uhispania, mtu huinamisha kichwa kwa heshima, kama nimemwambia nimefiwa.

Kazi yenyewe niliipenda. Kila kiangazi nilikwenda kwenye vijiji vya milimani nikiwa na kinasa sauti, nikakaa na vikongwe waliokuwa wakimenya maharagwe mlangoni. Hawakutoa ubeti bure. Ukitaka mmoja, sharti utoe mmoja. Mimi nilijiona nyumbani kabisa. Jioni nilisafisha kanda kama nilivyoelekezwa na profesa wangu: sauti ya mkusanyaji inakatwa, ibaki ya mwenyeji peke yake. Nilijikata kwa bidii ya mwanafunzi mzuri.

Kiangazi cha tano, kwenye kijiji cha upande wa pili wa mlima, ajuza mmoja aliniimbia ubeti ambao haukuwa kwenye mkusanyiko wowote. Nyumba yenye miguu, isiyo na mlango. Mgeni ashukaye kutoka juu. Mlo wa jiwe. Akaapa ni wa bibi yake. Ulinigusa mahali nisipopajua, nikadhani ndivyo usomi unavyomgusa mtu. Nikaandika sura nzima ya kurasa kumi na mbili: nyumba ya miguu ni jeneza lililobebwa na watu wanne, mgeni wa juu ni malaika, jiwe ni la kaburi. Sura hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na kazi ndiyo inayolipia hii fleti ya Fridley, pembeni mwa jiji, ninamoishi na binti yangu Neema na, tangu mwaka jana, mama yangu.

Mwezi uliopita kitabu chenye sura hiyo kilikuwa kikirudi mitamboni kwa chapa mpya, na nakala ya mwisho ya kusahihisha ilitakiwa Ijumaa. Jumamosi kabla ya hapo nilikuwa nikiisoma kwa sauti huku nikitembea kati ya sofa na dirisha, maana siku hizi siwezi kukaa kitini. Mama alikuwa mezani akikata sukuma wiki. Neema alikuwa kwenye simu. Mama akaniambia nimtafsirie, asisikilize kelele tu. Nikafika kwenye ubeti wangu maarufu. Nilipotamka “mgeni hutoka juu,” akamalizia bila kusimamisha kisu:

“Chakula chake ni jiwe.”

“Umeujuaje, Mama?”

“Nitaacha kuujua? Huo ni wa wifi yangu Wakesho.”

“Mama, huu ni wa Uhispania. Unahusu kifo.”

“Kifo cha nani?”

Nikamweleza habari za jeneza, malaika na kaburi. Hapo kisu kikawekwa chini.

“Mwadime, baba. Hilo ni dungu. Mgeni ni kwelea. Nyumba hiyo umeikalia utoto wako wote, mpaka ukaikojolea, leo hujui miguu yake?”

Neema akacheka, ndipo nikajua kwamba binti yangu, anayenijibu kwa Kiingereza mwaka wa kumi sasa, Kiswahili chote anakisikia.

“Swali langu ni moja,” Mama akasema. “Hao waliutoa wapi?”

Nikachukua ufunguo wa gari. Niliendesha hadi Roseville, nikaingia duka kubwa la huko na kulizunguka mara tatu pamoja na wazee wanaotembea humo kuikimbia theluji. Sikununua hata soksi. Mzunguko wa tatu ndio uliorudisha yote. Kiangazi changu cha kwanza, kijiji cha upande wa huku wa mlima, beti zangu za Kihispania zilikwisha na vikongwe walikuwa wakisubiri malipo yao. Nikawapa wa Shangazi, nikiuchonga kwa lugha yao papo hapo. Walicheka wakataka niurudie. Jioni nikajikata kwenye kanda. Ubeti ukavuka mlima kwa miguu yake, ukapata bibi mpya, na miaka minne baadaye nikaupokea kwa machozi. Tena sikutaja dungu. Mtu anayelipwa kwa kuandika tanbihi.

Nilirudi Fridley nikiwa na hoja kamili. Shangazi amefariki. Kanda zimekatwa. Shahidi ni mmoja, na anapika. Nikimwambia mhariri, nitakuwa profesa asiyejua kutofautisha dungu na jeneza. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikamwambia Mama hivyo hivyo.

“Wakesho hangekukasirikia,” akasema. “Wimbo ukiimbwa haupungui. Lakini wewe unajua asiyetaja tulimwita nani.”

Nilijua. Ijumaa nilifuta kurasa zote kumi na mbili, pembeni nikaandika: wa dungu la mtoni, Taveta, mtunzi Wakesho, uliletwa Uhispania na mwandishi, akasahau. Nikatuma. Mhariri hajajibu hadi leo. Nafungua barua pepe mara nyingi kuliko Neema anavyofungua simu yake, nami ndiye niliyemhubiria juu ya kiasi.

Siku ile baada ya kutuma, Mama aliimba ubeti wote, kwa sauti iliyochakaa lakini yenye uchokozi uleule, akanitazama. “Haya. Jibu.”

Nina madaftari kumi na manane ya beti za watu. Nikatafuta wangu, nikakosa. Mama akahesabu mawe matatu kwa vidole, kisha akaelekeza kidevu jikoni. Nikaenda kuchota maji.

Neema alikuwa ananasa kwa simu, bila ruhusa na bila kukata chochote. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara kadhaa: Mama anaimba, mimi niko kimya, nyayo, bomba, nyayo tena. Enzi zetu hakuna aliyenasa kitu, na ubeti ulifika Uhispania. Sasa kila kitu kinanaswa, na sauti yangu pale ni ya maji tu. Sidhani akili imenikauka. Ni kwamba mto ulikuwa mbali, na bomba la Fridley ni hatua saba kwenda, saba kurudi. Saba hazitoshi hata mstari mmoja wa mizani nane.