Mwahija na Siku ya Nne

Kwa Mwahija, karani wa kumbukumbu za migomo katika ofisi yetu ya Idara ya Kazi, Kahama, jambo ambalo halijaandikwa halikutokea. Miaka kumi na tisa amebishana na mameneja na wafanyakazi kwa ukaidi huohuo, na mimi niliyekaa naye meza kwa meza nakiri alikuwa akinichosha.

Jumatatu ile ilibaki saa moja tu taarifa iende Dodoma. Wasaga mawe arobaini na mmoja wa mgodi mmoja mdogo walikuwa wametoa notisi ya kugoma siku tatu, wakakaa nje siku nne. Mwajiri alishikilia kuwa siku ya nne ni utoro. Barua za kuwafukuza alishazichapa, akawa anasubiri takwimu yetu.

Ndipo akaingia Bujiku, mmoja wao, jasho likimtiririka, daftari kwapani.

“Shikamoo, mayu,” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Siku ya nne tulikuwa tunamzika mwenzetu. Mkataba unaturuhusu.”

“Marahaba. Unawaruhusu kwa uthibitisho wa maandishi. Maneno matupu siandiki.”

Akampa daftari la msiba. Kijijini kwao kila anayehudhuria mazishi huandikwa, maana asiyeonekana kwenye misiba ya wenzake, siku ya kwake atazika peke yake. Mwahija akapitisha kalamu jina kwa jina, akiwatafuta wagomaji. Afisa wetu, Bwana Gregory, alisimama mlangoni akitazama saa.

“Arobaini,” Mwahija akasema. “Wewe humo.”

Bujiku akainamisha kichwa. “Mimi ndiye niliyekuwa naandika, mayu. Kwetu anayeandika hajiandiki. Waokoe hao. Mimi basi.”

“Basi huyo mmoja ni mtoro,” Bwana Gregory akasema. “Funga, tutume.”

Nilimjua Mwahija. Nilijua atafunga, na kwa dakika ile nilimchukia kabisa.

Akamsukumia Bujiku karatasi tupu. “Andika majina matano ya hao wenzako. Haraka.”

Bujiku akaandika. Mwahija akaiweka karatasi kando ya daftari, akalinganisha herufi moja moja, kisha akamgeuzia bosi vyote viwili.

“Huyu yumo kwenye kila mstari,” akasema.

Bwana Gregory akavitazama, akaitikia kwa kichwa. Mwahija akajaza fomu: wagomaji 41, siku 3, siku za kazi zilizopotea 123; siku ya nne, msiba. Akagonga muhuri, akamrudishia Bujiku daftari lake.

“Na siku nyingine ujiandike,” akamfokea, “hata mwishoni kabisa.”