Mahamri kwenye Mahojiano

Wiki iliyopita nilialikwa shuleni kwetu pale Tononoka, nikaketi upande wa wenye kuuliza maswali. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wakijaribiwa kwa mahojiano ya kazi, na watakaofanya vyema wangepelekwa likizoni kwenye ofisi za mjini wakaone kazi ilivyo. Waliingia mmoja mmoja, mitandio imepigwa pasi, majibu yako kwenye ncha ya ulimi. Nilijikaza nisicheke, maana nilikumbuka nilivyoingia mimi.

Nikuambie basi. Mimi niliitaka nafasi ya ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ilikuwa moja tu, na niliitaka kufa kupona. Mtaani kwetu Bondeni msichana alitarajiwa awe mwalimu au muuguzi; mimi nilitaka kujua yale makontena huenda wapi. Mwalimu wa ushauri alitunoa muhula mzima: kaa wima, mtazame mtu usoni, usimeze maneno. Nyanya, aliyenilea, alinisikia nikijizoeza jikoni. Asubuhi ya siku yenyewe akanipa hotpoti ya mahamri iliyofungwa kitambaa, yanukia iliki.

"Nyanya, ni mahojiano!"

"Nasikia. Sasa waenda kwa watu kuwataka jambo, mikono mitupu? Watasema hukulelewa."

Nani angebishana na nyanya? Nikabeba.

Mezani walikuwa wawili: bwana mmoja wa bara, meneja wa ofisi ile, na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Nikawaamkia, nikaiweka hotpoti mbele yao, nikaifunua. Mvuke ukapanda. Bwana akakisukuma kiti chake nyuma.

"Hii ni nini? Hongo?"

Mwalimu, aliyesimama mlangoni, akajifunika uso kwa mtandio. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Hongo gani, bwana? Mtoto ana adabu zake. Hapa kwetu ndivyo."

Bwana hakulegea. Aliamuru mahamri yakae dirishani, yaliwe na wote majina ya waliochaguliwa yakishatajwa. Mimi moyoni nikajua nafasi imeniponyoka. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi yoyote, nikatoa jibu nililokariri: sijawahi, ila niko tayari kujifunza.

"Na yale amepika nani?" akauliza tena, akielekeza kidole dirishani.

Hapo nikasahau kukaa wima. Nikamweleza jinsi nyanya alivyokanda kwa tui la nazi, jinsi nilivyosukuma na kukata alfajiri yeye akikaanga, kisha nikayazungusha kuuza mtaani kabla ya shule, kama kila siku. Imamu hataki yenye sukari nyingi. Mshona nguo hasikii mlango, hugongewa dirisha. Nyumba yenye mgonjwa hupelekewa kwanza, yakiwa moto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona umesema hujawahi kufanya kazi?"

Kwetu ile ilikuwa asubuhi tu.

Nafasi nikaipata! Nilikimbia kutoka Tononoka hadi Bondeni, hotpoti tupu yanigonga kiunoni, nimejaa furaha hadi kooni. Nyanya alikuwa barazani akichagua mchele. Hakuuliza mahojiano yalikwendaje.

"Walikula?"

"Walikula, nyanya. Yule wa bara aliomba mengine."

"Basi kazi umepata," akasema, akaendelea na mchele wake.

Mpaka anafariki aliamini ni mahamri yaliyonipeleka bandarini, nami sikumbishia hata siku moja. Kazi ile ndiyo ninayoifanya hadi leo, na makontena nayajua yaendako.

Basi wiki iliyopita, tulipokwisha kutaja majina, msichana mmoja alirukaruka kwa furaha mpaka kiatu kikamtoka, na miguu yangu ikanipeleka Bondeni yenyewe. Nyumba yetu sasa ni duka la simu. Kijana wa pale akaniuliza kwa heshima nataka kava ya aina gani, nikamwambia napita tu. Nilisimama pale kitambo, nimejaa habari. Nilitamani sana kumwambia nyanya kwamba siku nzima ile, watu wote wale, na hakuna aliyekula kitu.