Picha Iliyokosa Mdomo

Sisi tunaopiga picha kwa kupenda tu hapa Voi tunajuana kwa vumbi. Kila mmoja ana kitambaa chake cha kufutia lenzi, na kila mmoja anaamini cha mwenzake ndicho kichafu. Mimi nauza dawa za mifugo, mwenzetu mmoja ni muuguzi, mwingine fundi wa baiskeli, na mkubwa wetu ni mwalimu mstaafu mwenye ulimi wa pilipili. Jumapili moja kila mwezi tunakutana kwenye kibanda cha chai karibu na reli, kila mtu na picha moja iliyooshwa studio, tunazipitisha mezani. Sharti ni moja: useme kilichotokea kabla ya kubonyeza, na kilichotokea baadaye. Ukikosa la kusema, picha yako inalazwa kifudifudi, hata kama umempata ndovu akipiga chafya.

Mimi nilikuwa na hamu ya picha moja tu, ya mama yangu. Mama anaishi Mghange, kule juu milimani, kwenye shamba lile lile alilotulelea. Ugonjwa ulimpinda mdomo upande mmoja. Mwili ukapona, mdomo ukabaki vile. Tangu hapo akawa anajifunika leso hadi puani, hata mbele yetu sisi watoto wake. Kanisani, alikokuwa akianzisha nyimbo, akaacha kwenda. Chakula alitupakulia sisi, chake akala jikoni peke yake, mlango umerudishwa. Hilo la kula peke yake liliniuma kuliko yote, maana mama yangu ni mtu wa watu.

Kila nikitoa kamera alinielekeza shambani.

"Piga kabeji, mwanangu. Kabeji haina aibu."

Nina kabeji za kutosha kufungua soko.

Asubuhi moja nilikuwa nje kwenye baridi, nangoja ukungu uinuke, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anaponda kimanga, yaani mihogo na maharagwe, na leso ilikuwa imemteleza hadi shingoni. Alitaka kuipandisha, lakini kimanga kikiwa motoni hakitaki mkono mmoja.

"Haya, piga moja uondoke hapo mlangoni," alisema bila kuinua kichwa. "Nitaiangalia. Nikiikataa, unafuta."

Nikabonyeza kabla hajabadili nia. Sisi wa huku chini tunajua vumbi, hatujui mvuke. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya Mghange ikakutana na sufuria inayochemka, na lenzi ikafunikwa karibu yote. Nilipotazama niliona rangi za leso, mwiko, mikono, na mahali pa uso palikuwa weupe mtupu.

"Imetoka?"

"Imekataa, mama."

"Basi imekataa," alisema, na leso ikarudi puani. Nilitamani kulia.

Mwezi huo sikuwa na picha nyingine, nikaipeleka hiyo hiyo kibandani. Fundi wa baiskeli aliigeuza juu chini.

"Dada, hii ulipiga ukiwa ndani ya sufuria?"

Walinicheka, nami nikacheka nao, kwani ningefanya nini. Kisha mwalimu akauliza kabla na baadaye, kama desturi. Nikawaeleza habari za leso, za kanisa, za mlango wa jikoni, na za ahadi ya mama kuiangalia picha. Mwalimu hakuilaza kifudifudi. Aliifunga kwenye gazeti lake ambalo hata hakuwa amelimaliza.

"Hii si ya meza yetu," alisema. "Mama alisema ataiangalia. Ameiangalia?"

"Bado, mwalimu."

"Basi mpelekee."

Muuguzi akaniongezea lake: "Na kamera uikaribishe jikoni kama mgeni. Ikae kwanza, ipate joto."

Nikapanda tena Mghange. Mama alipangusa mikono, akaketi kando ya mafiga, akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama.

"Leso ni yangu. Mwiko ni wangu. Na huyu, mbona hana mdomo?"

"Ni mvuke, mama."

Akaiinamia picha. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua nimemliza, nikajilaumu kwa kuja. Kumbe anacheka. Alicheka hadi leso ikamwanguka mapajani.

"Sasa maskini huyu atakula kimanga na nini? Afadhali wangu uliopinda." Akajifuta machozi, akanirudishia picha. "Ngoja hapo. Nikishaweka sufuria, futa hicho kioo, upige tena."

Kamera niliikaribisha kama nilivyoelekezwa, ikakaa karibu na mafiga. Kisha nikapiga: mama anaponda, anacheka, mdomo umekwenda upande kama ulivyo, leso iko mapajani.

Nawashukuru watu wa meza ile. Wangeweza kunicheka tu, kisha chai ikaendelea. Picha mpya ilipopita mezani hakuna aliyenitania, hata fundi, ambaye kunyamaza kwake ni kazi ngumu. Niliwaeleza ya kabla. Mwalimu akaishika, akanitazama juu ya miwani.

"Na baadaye?"

"Baadaye," nikasema, "alipakua sahani mbili, tukala naye."