Jezi Niliyoshonewa Kuingia Nayo Uwanjani

Kitambaa cha jezi kikipigwa pasi ya mkaa hutoa harufu kali kidogo, kama ya plastiki iliyosahaulika juani. Msimu ule harufu hiyo ilijaa chumba chetu cha mbele pale Mbagala, ikaingia kwenye mashuka, ikaingia hadi kwenye chakula. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Kwa kawaida alishona sare za shule na magauni ya kwaya, lakini safari hii aliviweka vyote kando kwa ajili ya jezi kumi na moja za timu ya taifa: za bluu, zenye mistari ya kijani, njano na nyeusi mabegani, na bendera ndogo upande wa moyo. Aliyemletea kazi hiyo ni mdogo wake, Mjomba Ambonisye, kiongozi katika kundi la mashabiki wa timu hiyo. Alikuja pia na habari iliyotunyima usingizi watoto wa mtaa. Siku ya mechi, watoto kumi na mmoja wangeingia uwanjani wameshikwa mikono na wachezaji, nchi nzima ikitazama. Watoto hao tungekuwa sisi.

Nilikuwa na miaka kumi, mrefu kuliko wavulana wa darasa langu, na nilimpenda Mjomba kupita kiasi. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani alikuwa kama mgeni, hivyo Mjomba ndiye aliyenifundisha kupiga mpira, ndiye aliyenipeleka hospitali nilipovunjika kidole. Kila jioni alitukusanya kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya shule ya msingi. Alitupanga mstari, akatufundisha kutembea bila kukimbia, kuimba wimbo wa taifa bila kuinamisha kichwa, na kutojikuna hata mbu akituuma. Mimi alinipanga mbele kabisa, niingie na nahodha. Nyuma yangu alimweka rafiki yangu Zuhura, mtoto wa jirani yetu muuza vitumbua. Mjomba mwenyewe alikuwa na jezi iliyopauka kwa kufuliwa, na alipotaka tumsikilize aliivuta kifuani kwa vidole viwili. "Mkishavaa hii," alituambia, "hakuna Mnyakyusa wala Mzaramo. Hakuna wa Mbagala wala wa Msasani. Mnakuwa kitu kimoja tu. Mnanielewa?" Tulimwitikia kwa kelele. Mimi nilimwelewa kabisa. Niliamini kuna nguo inayoweza kufanya hivyo.

Jezi yangu ilitoka fupi mikononi, maana kitambaa kilikatwa kwa kipimo kimoja na mikono yangu ilikuwa imezidi. Mama hakutaka nionekane nimevaa ya kuazima. Alichukua kitambaa cheupe akaongeza kipande kwenye kila mkono, kwa mshono safi mno hata ungedhani ndivyo jezi ilivyobuniwa. Nilipoivaa nikajitazama kwenye kioo cha kabati, nilisimama wima kwa namna ambayo sikuwahi kusimama. Mama alinizungusha, akakata uzi kwa meno, akacheka. Siku moja kabla ya mechi, Mjomba alipita mchana, akala ugali na dagaa, akazikunja jezi zote akazitia kwenye mfuko. Alisema zinatakiwa kukaguliwa, tutazikuta kwenye basi. "Atu, ulale mapema," aliniambia akinishika kichwa. "Kesho nahodha anakusubiri."

Basi lilikuwa litufuate kwenye lango la shule saa sita mchana. Tulifika mapema, tumeoga, miguu inang'aa mafuta, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Mama Zuhura alikuwa ametusuka sote wasichana bila kudai chochote. Wazazi walisimama nasi, wakapiga soga, wakanunua maji. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani tulilipungia. Baadaye soga zikaisha. Mama alimpigia Mjomba simu, hakupatikana. Alipiga tena na tena, akijitenga nasi kidogo kila alipopiga, mpaka akawa amesimama peke yake upande wa pili wa lango. Mtoto mmoja akaanza kulia. Hakuna aliyetutangazia kwamba basi haliji. Wazazi walianza tu kuwashika watoto wao mikono na kuondoka nao.

Duka la jirani lilikuwa na televisheni, na kwa kuwa hatukujua pa kwenda, mimi na Zuhura tuliingia humo tukakaa chini kwenye sakafu miongoni mwa watu wazima. Timu zilikuwa zinatoka. Nahodha alitangulia, akiwa amemshika mkono mtoto wa kiume, mnene kidogo, nywele zimechongwa vizuri. Mikono ya jezi yake ilikuwa mirefu mno, imemfunika hadi vidoleni, na mwishoni ilikuwa na kipande cheupe.

"Atu!" Zuhura alipiga kelele. "Jezi yako hiyo!"

Kamera ilisogea karibu. Kando ya mstari wa watoto alionekana mtu aliyevaa jezi iliyopauka. Alichuchumaa haraka mbele ya yule mtoto, akamkunjia mikono ya jezi, mmoja, halafu wa pili, kwa upole, akampigapiga begani, akatoka kwenye picha. Niligeuka. Mama alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia ungali shingoni. Alikuwa ameona. Aligeuka akaondoka. Timu ilishinda siku ile, na bao lilipoingia Zuhura aliruka akanikumbatia, halafu akakumbuka, akaniachia.

Mjomba alikuja Jumatatu alasiri. Sikumwamkia. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa jezi yangu kwenye mfuko.

"Dada, mambo yalibadilikia huko juu," alisema. "Mfadhili wa mechi alitaka waingie watoto wa shule yao. Ningebisha, na mie ningetolewa."

"Ulijua lini?" Mama aliuliza.

"Alhamisi."

"Na Ijumaa ukaja hapa ukala, ukazichukua."

"Zilikuwa zinahitajika, dada."

"Huyu ukamwambia alale mapema."

Mjomba alinigeukia mimi. "Atu, nimekuletea ya kwako." Niliipokea. Ilikuwa na manukato ambayo kwetu hayakuwapo. Nikaiweka mezani. Mama aliivuta, akachukua kisu chake cha kufumulia, akafumua vile vipande vyeupe taratibu, uzi kwa uzi, sisi sote tukimtazama, kisha akaikunja akamrudishia. "Hivi vilikuwa vya mwanangu," alisema. "Hiyo iliyobaki mpe unayemtaka."

Kilichofuata sikukitegemea. Mtaani ilisemwa kwamba fundi na mdogo wake walijua tangu mwanzo, kwamba sisi ndio tuliowauza wenzetu. Mama Zuhura aliacha kumwamkia Mama. Zuhura akaacha kunipitia asubuhi kwenda shule, na mchanga wa ule uwanja nikaukanyaga peke yangu. Mama na Mjomba walirudi kuzungumza miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa bibi huko Tukuyu, kwa sababu watu walikuwa wanawatazama. Mama hakushona jezi tena, hata alipobembelezwa.

Sasa mimi ni mwalimu, huku huku Mbagala. Jezi za taifa zinaning'inia kila kibaraza, na siku ya mechi wanafunzi wangu huja wamezivaa juu ya sare, nami huwaacha. Nikiwa nyumbani naishangilia timu mpaka sauti inakauka, haijanikosea lolote. Mjomba, ambaye sasa anatembelea fimbo, huja tukaangalia pamoja. Namwamkia, nampikia, namwekea mto mgongoni. Jezi sijawahi kuivaa. Nikiwa mtoto niliamini nguo ile inawafanya watu kuwa kitu kimoja. Leo naona inawafanya wafanane kwa muda wa mechi, na hilo nalo si haba. Ila mimi niliahidiwa zaidi ya hapo, na aliyeniahidi alikuwa damu yangu.