Wino wa Kubania

Mtaani walimwita Mama Herufi kwa sababu alipiga taipu kwa vidole vyote kumi huku macho yake yako kwa mgeni, akimuuliza habari za nyumbani. Miaka ishirini na miwili alikuwa mchapaji wa ofisi ya bima. Ofisi ilipofungwa akaihamishia kazi sebuleni kwake: meza moja, kompyuta ya mitumba, na printa ndogo nyeupe aliyoipata kwa bei ya kutupa.

Hiyo bei ya kutupa ndiyo iliyomponza. Printa yenyewe ilitumia katriji mbili ndogo za kuenea kwenye kiganja cha mtoto, na hizo mbili ukizinunua umekaribia kununua printa nyingine. Akichapa barua tatu za kuomba kazi na mchoro wa moyo kwa ajili ya somo la mtoto wa jirani, taa nyekundu inawaka.

"Hii si printa," alisema mumewe, fundi saa. "Huyu ni mgeni mlafi."

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani akapita. Alikuwa mama mpole, asiyependa maneno mengi.

"Mitihani ya muhula huu nakupa wewe," alimwambia. "Kurasa mia nane. Zikitoka safi na kwa wakati, kazi ya mwaka mzima ni yako. Zikikwama narudi kwa wale wachapaji wa stendi, usininunie."

Kazi ya mwaka mzima! Tangu ofisi ifungwe, Mama Herufi hakuwahi kushika kazi ambayo angeweza kusema mwezi ujao ipo. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni mwa duka la mashine kabla halijafunguliwa.

"Mama, unataka ya rangi au nyeusi tupu?" muuzaji aliuliza.

"Mwanangu, nataka ambayo wino wake hautanitoa roho."

Muuzaji akacheka. Akamwonyesha moja kubwa ya wino wa unga. Mama Herufi akachungulia bei, akageuza uso haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mwenzake ndani.

"Basi hii ya matanki. Unamimina wino wa chupa. Chupa moja ya nyeusi, kurasa elfu nne."

"Elfu nne? Usinichezee, mimi ni mtu mzima."

"Elfu nne, mama. Imeandikwa hapo kwenye boksi."

Akalisoma boksi mara mbili. Wiki hiyo friji yao ikauzwa, printa ya matanki ikaingia. Mumewe akanywa maji ya uvuguvugu, akasema hata enzi za uchumba walikunywa hivyo hivyo na ndoa ikafungwa.

Sasa, kule ofisi ya bima wachapaji walikuwa na mtindo wao. Kila mtu alipewa utepe mmoja wa wino wa taipureta, wa kumfikisha miezi miwili. Ukififia, unaufunika na mashine yake, unaupumzisha. Wino unajivuta tena kwenye kitambaa, na kesho herufi zinatoka nyeusi tii. Mama Herufi ndiye aliyekuwa akisifiwa kwa utepe wake kudumu kuliko wa wote. Hivyo ndivyo alivyojua kutunza wino, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Akamimina wino, akachapa ukurasa mmoja wa kujaribu, akaubandika ukutani. Kisha akaichomoa printa kwenye umeme, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Ikapumzika hivyo wiki nane, ikisubiri mitihani.

Watu walikuja. "Mama Herufi, nina shida ya ukurasa mmoja tu."

"Nenda stendi, mwanangu. Wino huu una kazi yake."

Hata mumewe, alipotaka tangazo la kibanda chake, aliambiwa aandike kwa mkono. Kila asubuhi mama alifunua kitambaa, akatazama tanki. Wino ulikuwa pale pale, haujashuka hata unywele. Akafunika, akaenda kuchemsha chai na moyo umetulia.

Mitihani ilikuwa ianze Jumatatu. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshamaliza kuitaipu yote, na mwalimu mkuu alikuwa aje kuichukua mchana. Akachomeka umeme, akapanga karatasi, akabonyeza.

Ukurasa wa kwanza ulitoka kama umepitishwa kitana. Mistari myeupe imekata maswali katikati. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulitoka na namba za maswali peke yake, maswali hayapo.

Akampigia muuzaji.

"Mara ya mwisho umechapa lini, mama?"

"Siku niliyoinunua."

"Mama, wino umekauka kwenye matundu. Hiyo ukiibania ndiyo unaiua. Ilitaka japo ukurasa mmoja kila wiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama. Uliuliza kurasa ngapi." Kisha akalainisha sauti. "Iamuru ijisafishe. Yaweza kuzibuka."

"Inajisafisha kwa kitu gani?"

"Kwa wino wake."

Akaiamuru. Printa ikanguruma, ikakohoa, ikatulia. Wino kwenye tanki ukashuka upana wa kucha. Akajaribu ukurasa: mistari ile ile. Akaiamuru tena. Mara ya nne wino ulikuwa umefika nusu, na hakuna hata ukurasa mmoja wa kumpa mtoto.

Mumewe akaleta lenzi yake ya jichoni na bisibisi ndogo kama sindano. Akainama, akachungulia tumboni mwa printa muda mrefu. Mwishowe akavua lenzi.

"Haina springi hii, mke wangu. Sijui hata naanzia wapi."

Mwalimu mkuu alibisha hodi akiwa na mfuko wa kubebea karatasi. Akaokota ukurasa mmoja mezani.

"'Taja viungo vitatu vya...' vya nini?"

"Vya mwili, Mwalimu. Pale palipokosekana nitajazia kwa kalamu. Nina mwandiko mzuri."

"Kurasa mia nane?"

Mwalimu mkuu akaurudisha ukurasa taratibu, akaulaza juu ya wenzake, akanyoosha na kona zake.

"Taipu yako ni safi, sina neno. Nitilie kwenye flashi, mama. Wa stendi wanafunga saa nane."

Akamtilia, akampa kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu akaaga na mfuko wake mtupu.

Nyuma yao printa ilikuwa imeanza yenyewe kujisafisha mara ya tano. Mama Herufi akakimbilia kitufe aizime, aokoe wino uliobaki. Kwenye kioo kidogo palikuwa pameandikwa: usizime, itaharibika. Akabaki kidole hewani, macho kwenye tanki, wino ukishuka.

"Iache imalize," mumewe alisema.

"Imalize nini, baba watoto?"